Rehema ya Mungu si ruhusa ya kuasi

Hapa Tabora maneno "Mungu ni mwingi wa rehema" yamegeuka kuwa ya kufungia mazungumzo. Mtu akionywa juu ya nyumba ndogo, anayasema. Mweka hazina wa kikundi akiulizwa fedha za wanachama, anayasema. Nimeyasikia kwa Wakatoliki, kwa Wamoravian na kwa walokole, sokoni na hata misibani, na karibu kila mara anayeyasema ni yule aliyekosa, tena upesi, kabla aliyekosewa hajafungua mdomo. Maneno yenyewe ni ya kweli kabisa. Ndiyo maana inauma kuyaona yakitumika hivyo.

Maana kwanza, kwa ufupi. Kuasi ni kulijua neno la Mungu na kutenda kinyume chake kwa hiari. Rehema ni Mungu kumgeukia huyo aliyeasi kwa wema asioustahili, kumsamehe na kumrudisha kwake. Wakatoliki huzoea kusema "huruma ya Mungu", wengine "rehema ya Mungu". Tunazungumzia jambo lile lile.

Tatizo liko kwenye tofauti moja tu: kusamehe kosa ni jambo moja, kuliona si kosa ni jambo jingine. Anayesema "ah, hilo dogo, Mungu anaelewa" hajaomba rehema. Ameomba aambiwe kwamba hakukosa. Na pasipo kosa, rehema haina kazi. Mtoza ushuru wa Luka 18 alilijua hili. Hakujieleza, hakutaja ugumu wa maisha wala waliomponza. Alijipiga kifua, akasema, "Ee Mungu, uniwie radhi mimi mwenye dhambi." Amelitaja kosa kwa jina lake, kisha akarudi nyumbani amehesabiwa haki.

Lakini mahali ninapopenda zaidi kuwapeleka watu ni Kutoka, sura ya 32 hadi ya 34, maana chimbuko la maneno hayo tunayoyapenda liko huko. Zaburi, Yoeli, Nehemia na Yona huyarudia tu. Waisraeli wako chini ya Mlima Sinai. Amri wamezisikia, na kwa vinywa vyao wameahidi kwamba yote aliyoyanena Bwana watayatenda. Musa anakaa mlimani siku 40. Nao wanavua pete za dhahabu, Haruni anawatengenezea ndama, wanakula, wanakunywa, wanacheza. Musa anashuka, anaona, anazivunja zile mbao mbili za mawe. Baada ya uasi huo ndipo Mungu anapopita mbele ya Musa na kujitangaza: "BWANA, BWANA, Mungu mwingi wa huruma, mwenye fadhili, si mwepesi wa hasira, mwingi wa rehema na kweli, mwenye kuwaonea huruma watu elfu elfu, mwenye kusamehe uovu na makosa na dhambi."

Wengi wetu hunukuu mpaka hapo. Mstari unaendelea: "wala si mwenye kumhesabia mtu mwovu kuwa hana hatia kamwe." Kinywa ni kile kile na pumzi ni ile ile. Anayetaka rehema iwe ulegevu hana budi kuukata mstari katikati, na kwa kweli tumezoea kuukata.

Kuna jambo jingine pale ambalo mahubiri mengi hulipita. Mungu alipokwisha kukubali kuwasamehe, aliwapa nini? Alimwambia Musa achonge mbao nyingine mbili mfano wa zile za kwanza, ili yaandikwe juu yake maneno yale yale yaliyokuwa kwenye zile zilizovunjika. Amri hazikupunguzwa hata moja. Ile ya kutojifanyia sanamu haikufutwa eti kwa sababu watu walishaivunja kabla mawe hayajawafikia mkononi. Nami nasema kupewa tena amri zile zile ndiyo rehema yenyewe. Mungu bado aliwahesabu kuwa watu wake, bado alitaka kuishi nao. Angekuwa amewachoka, asingeandika mara ya pili.

Baadaye, katika Hesabu 14, watu hao hao wanakataa kuingia nchi ya ahadi. Musa anawaombea, na Bwana anajibu, "Mimi nimewasamehe kama neno lako lilivyokuwa." Papo hapo anatamka kwamba kizazi kile hakitaiona nchi hiyo. Kusamehewa kweli wamesamehewa, na jangwani watazikwa kweli.

Huku kwetu jambo hili huonekana wazi malipo ya tumbaku yanapotoka. Baba wa Urambo au Kaliua amelima msimu mzima na mkewe na watoto, wamekesha pamoja wakichochea moto kwenye mabani ya kukaushia tumbaku. Fedha inaingia, anapotea nayo mjini, anarudi mikono mitupu. Wazee wanakaa. Anapiga magoti, analia, na mimi naamini bila shaka kwamba akitubu hivyo Mungu anamsamehe usiku ule ule. Lakini ada ya chuo ya binti yake haijarudi, na mkopo wa mbolea bado unadaiwa kwenye chama cha msingi. Hatia ya baba haimwangukii binti. Ezekieli 18 imelisema hilo waziwazi. Hasara, hata hivyo, inamfikia. Kumwambia binti huyo "Mungu ni mwingi wa rehema, yaishe" ni kumfanya yeye alipe gharama ya rehema ambayo baba yake amepokea bure. Zakayo, yule mtoza ushuru wa Luka 19, alifanya vingine kabisa. Nusu ya mali aliwapa maskini, na kila aliyemnyang'anya kwa hila aliahidi kumrudishia mara nne. Hakulipa ili apokelewe, maana Yesu alikwisha kuingia nyumbani mwake. Alilipa kwa sababu amepokelewa.

Wakatoliki wenzangu wana Jumapili ya Huruma ya Mungu, ya pili ya Pasaka, iliyotangazwa kwa Kanisa lote na Papa Yohane Paulo wa Pili tarehe 30 Aprili 2000, siku aliyomtangaza Faustina Kowalska, mtawa wa Poland, kuwa mtakatifu. Sikilizeni Injili ya siku hiyo, ambayo haibadiliki mwaka hadi mwaka: Yohana 20, pale Yesu anapowapa mitume mamlaka ya kuondolea dhambi na ya kuzifungia. Katika sikukuu yenyewe ya huruma, dhambi inaitwa dhambi.

Nisieleweke kwamba nawaunga mkono wale wa upande wa pili, wanaomnunia kila anayerudi. Yona aliasi, akaokolewa ndani ya samaki, kisha akakasirika Ninawi, mji aliotumwa kuuonya, ulipookolewa. Rehema aliyoipokea yeye aliiona sawa. Ya jirani ikamkera mpaka akaomba afe.

Siku hizi vijana wana mstari wao wa kujitetea, Warumi 11:32: "Maana Mungu amewafunga wote pamoja katika kuasi ili awarehemu wote." Wanausoma kana kwamba Mungu mwenyewe ndiye aliyetusukuma kwenye dhambi, basi tusilaumiwe. Paulo alikuwa akiandikia kanisa lenye Wayahudi na watu wa Mataifa, na kila upande ulikuwa na sababu ya kujiona bora kuliko mwenzake. "Wote" ni pande hizo mbili. Kinachofungwa hapo ni mlango wa kujisifu: hakuna atakayeingia kwa Mungu akisema, mimi sikuasi. Na hoja ya vijana wetu Paulo aliijibu mapema katika waraka huo huo, sura ya 6: "Tudumu katika dhambi ili neema izidi kuwa nyingi? Hasha!"

Kwa hiyo ombi langu kwenu mnaousoma mstari huo jumuiyani au kwenye vikundi vya vijana ni dogo. Msiishie hapo kwa sababu tu sura inakwisha baada ya mistari minne. Paulo hakuugawa waraka wake kwa sura; mgawanyo huo uliwekwa katika karne ya 13. Endeleeni mpaka mwanzo wa sura ya 12: "Basi, ndugu zangu, nawasihi, kwa huruma zake Mungu, itoeni miili yenu iwe dhabihu iliyo hai." Someni sehemu hizo mbili kwa mkao mmoja, kisha ndipo mjadiliane.