Chembe pacha hazipeleki ujumbe

Ule ujumbe wa "chembe pacha" umerudi kwenye magrupu ya Mbeya: eti wewe ukiwa Mwanjelwa na mwenzako Iringa, chembe zilizofungamana kikwantamu (vitu vidogo mno, kama vya mwanga, ambavyo vipimo vyake huoana hata vikiwa mbali) zitawaunganisha papo hapo, bila mtandao. Si kweli.

Kinachochanganya ni kwamba ufungamano wenyewe upo. Ukipima chembe yako, matokeo huoana na ya Iringa. Lakini jibu la kipimo, 0 au 1, linakuja lenyewe, hulichagui, na mwenzako naye anaona namba zisizo na mpangilio. Kila mmoja aandike safu yake karatasini: bila kupigiana simu, nani atajua zimeoana?

Ukiupokea tena, tafadhali uishie kwako.