Uongozi wa mhadhiri ni upi?

Ukitaja uongozi chuo kikuu, wengi huwaza vyeo: mkuu wa idara, amidi, rasi wa ndaki. Hao ni watawala, wana barua ya uteuzi na muda wao una kikomo. Uongozi wa kitaaluma ni kitu kingine. Ni kuwaongoza watu katika kufikiri: wafuate swali gani, waamini ushahidi upi, lini wabadili msimamo. Mhadhiri msaidizi aliyeajiriwa juzi anaweza kuwa nao, na profesa mzima akaukosa, kwa sababu haudumu bila kusoma.

Chukua sheria, fani iliyofungua pazia la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1961, kikiwa bado chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, kwenye jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kabla ya kuhamia Mlimani. Kwa miaka na miaka wanasheria walifundishwa kwa Kiingereza, na Mahakama Kuu ikaandika hukumu kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge likafanya marekebisho, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Mwaka uliofuata ikatungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Mhadhiri aliyehitimu zamani hakufundishwa haya darasani, ila wanafunzi wake watayakuta kazini. Atajisomea lini? Usiku, huku rundo la mitihani ya kusahihisha likimsubiri. Ndiyo maana ya kujifunza maishani kwa mtu wa kazi hii. Warsha ya siku mbili yenye cheti haitoshi.

Wanafunzi humgundua mhadhiri aliyeacha kusoma mapema kuliko utawala. Pale kwenye vimbweta, viti vya nje wanakojisomea, madesa, yaani notisi za somo, hurithishwa. Likitokea desa la kaka wa mwaka wa nne linafanana na somo la leo neno kwa neno, hadi kosa la tahajia, darasa hupungua wiki hadi wiki. Aliyebaki mbele ana mamlaka ya kutoa alama, basi.

Upande mwingine ni usimamizi wa tasnifu. Binti anakwenda Kariakoo kuwahoji wamachinga, anarudi na majibu yasiyoingia kwenye nadharia anayoipenda msimamizi wake. Msimamizi mvivu atamwambia arekebishe sura ya nne, ile ya matokeo, ikae sawa. Kiongozi atamwuliza wamesemaje hasa, kisha atarudi kuipima nadharia yenyewe.

Kupanda cheo hutegemea sana machapisho, na si vibaya, maana yanamlazimisha mtu kutafiti. Lakini mtu anaweza kuchapisha makala kila mwaka na desa likabaki lilelile. Mimi ningetazama pia semina za idara: mhadhiri mwandamizi akiwasilisha rasimu yake, je, mkufunzi msaidizi ana ujasiri wa kunyoosha mkono na kusema jedwali la pili halikubaliani na hitimisho?