Kabla hujampangia sauti, muulize alijifunzia wapi kuimba

Mwimbaji mpya akija kwenye kundi letu la mtaa hapa Nyakato, Mwanza, wenzake humuuliza kwanza anaimba sauti gani: ya kwanza, ya pili, ya tatu au besi. Mimi namwacha apumzike kidogo, halafu namuuliza alijifunzia wapi kuimba, alifundishwa na nani, na wakati anafundishwa alikuwa ameshika nini mkononi. Sauti yake naweza kuijua mwenyewe kwa dakika chache, nikimpandisha na kumshusha kwenye do re mi. Lakini hayo mengine ndiyo yanayoniambia atasikiliza nini wenzake wakiimba, atapumua wapi, atapotea wapi, na anajua kitu gani ambacho sisi tuliobaki hatukijui.

Nafundisha kuimba pamoja bila ala, na kundi letu si la dini wala kabila moja. Kwenye mazoezi utamkuta Msukuma wa Magu, Mkerewe wa Nansio, Mjita wa Musoma, Mhaya wa Muleba, Mjaluo wa Shirati, na kijana wa Mabatini ambaye kijiji anakisikia kwa wazazi tu. Kila mmoja amekuja na sikio lililokwisha kufundwa. Walimu wengi wa kwaya huendesha mazoezi kana kwamba sikio hilo halipo: wanagawa karatasi, wanapiga solfa, yaani do re mi iliyoandikwa, na anayechelewa anahesabiwa kuwa hajui muziki. Naiona hiyo ni hasara kubwa.

Nianze na wenye karatasi, kwa kuwa mimi mwenyewe ni wa huko. Mapadre Weupe walifungua misheni ya Bukumbi, kusini mwa mji, mwaka 1883, na uimbaji wa Kanisa Katoliki una mizizi mirefu hapa. Baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, 1962 hadi 1965, misa ikaanza kusomwa kwa Kiswahili na nyimbo mpya zikahitajika kwa wingi. Watunzi wakajitokeza kila jimbo, na leo nota za wimbo uliotungwa mbali zinafika parokiani kwa simu kabla ya mazoezi ya jioni. Mwimbaji aliyekulia humo anaona pigo linalokuja kabla halijafika. Anajua kunyamaza kwa hesabu. Sauti yake anaishika hata kama jirani amepotea.

Solfa anayoisoma ina historia yake. Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, Uingereza, ndiye aliyeuweka msingi wake, na John Curwen akaiendeleza na kuieneza kuanzia miaka ya 1840. Nukta mbili zinatenganisha mapigo, nukta moja inakata pigo katikati, mstari mdogo unarefusha noti, na do inahama kufuata ufunguo wa wimbo. Haihitaji karatasi ya mistari wala kinanda; ubao na chaki vinatosha, na ndiyo sababu wamisionari waliibeba mbali kiasi hicho. Lakini mwimbaji wa karatasi macho yake yako chini. Ukimnyang'anya nota, sauti yake hupungua nusu, hata kwa wimbo anaoujua kwa moyo. Na huwa hamtazami anayeimba naye.

Wengine wengi wanatoka kwaya za kiinjili, hasa AIC (Africa Inland Church). Africa Inland Mission ilianza kazi Nassa, ufukweni mwa Ziwa Victoria, mwaka 1909, na leo kwaya zake hapa mjini zinaimba na kinanda, magitaa, ngoma na spika zinazofika barabarani. Mwimbaji wa huko anakariri haraka na mwili wake wote unaimba, kwa kuwa wimbo na hatua za miguu alifundishwa kwa pamoja. Sikio lake, hata hivyo, limezoea kuegemea kinanda. Kinanda kikizimwa, sauti inaanza kushuka kidogo kidogo, hasa kwenye noti zinazorudiwa na kwenye ngazi za kuteremka, na kufikia ubeti wa tatu besi wanatafuta noti ambazo koo zao hazina.

Kuna jambo hapa ambalo nataka nilieleze taratibu, kwa sababu walimu wengi hulisikia bila kujua linatoka wapi. Kinanda cha umeme kimeigawa oktava, yaani kutoka do hadi do ya juu, katika nusutoni 12 zilizo sawa, kila moja senti 100; senti hapa ni kipimo kidogo cha umbali kati ya noti. Kwa hesabu hiyo, kutoka do hadi mi ni senti 400. Koo za watu zikiachwa zenyewe, mi inayotulia kabisa juu ya do ipo kwenye senti 386 hivi, yaani chini kidogo ya ile ya kinanda. Tofauti ya senti 14 ukiitaja kwa mdomo ni ndogo. Kwenye akodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, ikishikiliwa, inasikika.

Tunalifanya hivi. Besi wanashika do, teno, yaani sauti ya tatu, wanashika so, wote kwa irabu moja, "u". Kisha dada aliyezoea kinanda anaingia na mi. Akodi inakuwa sahihi, lakini ukisikiliza vizuri kuna mtetemo ndani yake, kitu kinachopiga haraka haraka bila kukoma. Halafu namwomba dada mwingine, aliyelelewa kwenye familia ya Wasabato, aingie na mi yake. Mtetemo unakufa, na chumba kinajaa sauti bila mtu yeyote kuongeza nguvu. Huyu alijifunza alto, yaani sauti ya pili, akiwa amesimama ubavuni mwa mama yake kila Ijumaa jioni, familia ikifungua Sabato kwa nyimbo, baba akishika besi na hakuna ala ndani ya nyumba. Hakuna aliyemwambia habari za senti. Alijifunza kuisogeza noti mpaka itulie kwa mama.

Yule wa kinanda simwambii kwamba amekosea. Kwenye kwaya yake mi ile ndiyo inayotakiwa. Angeishusha, angegombana na kinanda. Namhamishia tu ubavuni mwa yule mwenzake, bega kwa bega, wakae hapo majuma kadhaa. Sikio linafundishwa na jirani kuliko na mwalimu.

Sasa nije kwa watu wa ngoma, ambao kwangu ndio waliosahauliwa zaidi wakati muziki wao ndio mkongwe kuliko wote niliowataja. Usukumani ngoma ina vyama viwili vikubwa, Bagika na Bagalu, na masimulizi yanavirudisha kwa mafundi wawili waliokuwa wakishindana, Ngika na Gumha. Baada ya mavuno, kwenye miezi ya Juni na Julai, vikundi viwili hupambana kwenye uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa upande wake. Bujora, pale Kisesa, Padre David Clement aliposimamisha makumbusho ya Wasukuma, sikukuu ya Bulabo bado inawakutanisha.

Fikiria hali hiyo inamfanyia nini mwimbaji. Sauti lazima itoke mbele ya mdomo, iwe na makali, ipenye ngoma na vumbi na kelele za watu waliokuja kumsikiliza mpinzani. Manju, kiongozi wa nyimbo, anatunga nyimbo mpya msimu hadi msimu, kwa hiyo waitikiaji hushika maneno marefu kwa kusikia tu, na kwa haraka. Na nyimbo za kulima, zile ambazo ngoma ya bugobogobo imezibeba pamoja na majembe yake, zinamfundisha mtu mwendo usioyumba: jembe likishuka nje ya pigo, mstari mzima wa wakulima unavurugika. Mtafiti Frank Gunderson alichapisha mwaka 2010 mkusanyo mkubwa wa nyimbo za kazi za Wasukuma, na natamani kila mwalimu wa kwaya wa kanda hii aupitie, aone wingi wa ufundi uliokuwa mashambani kabla ya mtu kufungua kitabu cha solfa.

Katika kundi letu yuko mama aliyekulia jirani na Kisesa, baba yake akiwa mwitikiaji wa kikundi cha ngoma. Hasomi nota wala solfa. Ukimwimbia sauti ya pili ya wimbo mzima mara mbili, ameishika, na wiki inayofuata anakuja nayo kamili. Akiitikia, hangoji kiongozi amalize. Silabi ya mwisho ya kiongozi ikiwa bado hewani, kiitikio chake kimeshaanza, na kiongozi naye anatakiwa arudi kabla kiitikio hakijaisha. Mwenye karatasi ataona huko ni kuwahi. Uwanjani, pengo unaloliacha kati ya kiongozi na waitikiaji ndimo mpinzani atakamosikika. Nilipomwomba atufundishe kuingiliana hivyo, wasomaji wa nota waliteseka kuliko wote, kwa sababu kwenye karatasi hakuna mahali pa kuhesabu. Ilibidi wainue macho, wamtazame mdomo.

Jambo jingine analotufundisha ni kuyaheshimu maneno. Kisukuma ni lugha ya toni. Kupanda na kushuka kwa sauti ni sehemu ya neno lenyewe. Tukipanga wimbo wa Kisukuma kwa sauti nne, mama huyu hukaa karibu nami na kuimba kila sauti peke yake, na maneno yake. Besi ikiruka chini mahali neno linapotaka kupanda, anatikisa kichwa, "Hapana mwalimu, hapo halisemeki," na besi inabadilishwa, hata kama akodi ilikuwa nzuri.

Kiswahili hakina toni, lakini kina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na tenzi nyingi tulizorithi ni maneno ya Kiswahili yaliyovikwa tuni za Ulaya. Nyingi ya tuni hizo zinaanza na pigo dhaifu, kwa kufuata mwendo wa mashairi ya Kiingereza. Hapo ndipo neno kama "mwokozi", linalotaka uzito kwenye "ko", likitanguliwa na silabi moja, linapojikuta limebanwa: uzito unaangukia "mwo" na "zi". Aliyeimba hivyo tangu utotoni hasikii kitu. Mama wa Kisesa anasikia papo hapo, na vijana wanaorekodi studio wanasikia pia, kwa kuwa mistari ya kuchana lazima ikae na mkazo wa lugha, la sivyo haikai kwenye biti. Tunapoimba tenzi hizo siku hizi tunapunguza nguvu za pigo la kwanza na kuliacha neno libebe uzito wake. Tuni haiharibiki.

Vijana hao wa studio sina mengi ya kuwasemea. Mwendo wao ni imara. Wamezoea maiki iliyo karibu na mdomo, hivyo kazi kubwa ni pumzi na kufungua koo, na wengi wao wanaipata haraka.

Waliopitia madrasa na kaswida nawasemea zaidi, kwa kuwa wanaleta kitu ambacho kwaya zetu nyingi hazina kabisa. Mtoto anayesomeshwa Kurani kwa tajwidi anafundishwa kuhesabu urefu wa irabu: maddi (urefushaji) ya kawaida harakati, yaani hesabu, 2, nyingine 4 au 5, na ile ndefu kabisa 6. Anafundishwa pia mahali pa kusimama na mahali pasiposimamwa, kwa kuwa ukikata pumzi mahali pabaya unaweza kugeuza maana. Yupo teno wetu kutoka Igoma aliyelelewa hivyo. Mpe sentensi ndefu ya muziki, ataimaliza bila kulikata neno, na irabu itabaki ileile kuanzia mwanzo hadi mwisho. Wenzake walizoea kupumua popote pumzi ilipokwisha. Sasa kabla ya kuanza wimbo wowote mpya, yeye ndiye anayepita kwenye maneno na kupendekeza vituo, na mara chache sana nabadilisha anachosema.

Kinachompa shida ni kushika sauti tofauti na ya jirani. Kaswida aliyokulia iliimbwa na wote kwa sauti moja nyuma ya kiongozi, na sikio lake linavutwa kurudi kwenye tuni. Ana nakshi pia, zile pinda ndogo za sauti mwishoni mwa mstari, ambazo ndani ya akodi zinaitikisa. Tulikubaliana naye aziweke akiba kwa sehemu za kiongozi. Humo tunamwachia uwanja wote.

Mpangilio wa kusimama ndio unaofuata mambo haya yote. Sisimamishi watu kwa sauti peke yake. Ndani ya kila sauti, msomaji wa nota anakaa katikati ya wawili wanaoimba kwa kusikia. Yeye anawapa uhakika wa hesabu, wao wanamwinua macho. Aliyelelewa bila ala anakaa karibu na wa kinanda. Waitikiaji wa ngoma nawaweka pembeni, mmoja kila upande, kwa kuwa sauti zao zinafika mbali na zikikaa pamoja zinawafunika wengine. Sauti ya kuanzia naitoa kwenye kile chuma cha uma kinacholia mitetemo 440 kwa sekunde, na mwisho wa wimbo nakigonga tena, wote wasikie tumeshuka kiasi gani.

Ratiba nayo inategemea walikotoka. Ijumaa jua likizama Wasabato wameingia kwenye Sabato yao mpaka Jumamosi jioni, Jumapili ni ya makanisa mengine, na mwezi wa Ramadhani mazoezi yanasogezwa baada ya futari. Tunakutana Jumatano jioni. Besi wetu wawili ni wavuvi wa dagaa, na dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa, kwa hiyo tunawapata mbalamwezi inapowazuia kwenda ziwani. Nyimbo zenye besi nzito nazipangia majuma hayo.