Kabla kijiji hakijakubali kuunganisha vyombo vya maji

Kwenye vikao vya kukusanya maoni kuhusu kuunganisha vyombo vya maji, yaani vyombo vya jamii vinavyoendesha miradi ya maji vijijini, swali la kwanza ni bei: dumu litakuwa shilingi ngapi? Ni swali la haki, lakini bei huja mwisho. Yanayoipandisha au kuishusha huamuliwa mapema, na hayo ndiyo ningependa wananchi wayashike.

Hapa Tanzania, Sheria Na. 5 ya mwaka 2019 ilianzisha RUWASA, Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, na usimamizi wa maji vijijini ukahama kutoka halmashauri. Uendeshaji wa kila siku ukabaki kwa jamii, kupitia CBWSO, ndivyo hivi vyombo vya maji vya jamii, vilivyorithi zile jumuiya za watumiaji maji. Chombo cha kijiji kimoja chenye vilula (vituo vya kuchotea maji) vichache hakimudu mshahara wa mhasibu wala wa fundi sanifu. Kikiungana na majirani, kinaweza. Hoja hiyo naiunga mkono kwa moyo wote.

Ugumu uko kwenye vyanzo. Kijiji kimoja kina mradi wa mserereko: maji yanashuka yenyewe kutoka mlimani. Jirani yake anavuta kutoka kisima kirefu kwa mashine ya dizeli. Tuseme, kwa mfano tu, uniti moja, yaani lita 1,000, inamgharimu wa kwanza shilingi 500 na wa pili 2,000, na wote wanauza kiasi kilekile. Dumu la lita 20 ni shilingi 10 huku na 40 kule. Bei ikiwa moja, ni 25 kwa wote. Maana yake wa mserereko anachangia dizeli ya mwenzake. Mimi naona ni jambo jema, maana mwenye kisima hakujichagulia kukosa mlima. Lakini waambiwe hivyo waziwazi kabla ya kunyoosha mikono. Wakija kugundua baadaye, wataacha kulipa, na chombo kizima kitayumba.

Hapo sijagusa upotevu wa maji. Dira (mita) ya tenki ikisoma uniti 1,000 na za vilula zikijumlishwa zikasoma 600, gharama ileile inabebwa na maji machache: shilingi 25 zinakuwa karibu 42. Tenki lisilo na dira linaficha jambo hili kabisa, kwa hiyo dira hiyo idaiwe kikaoni.

Akiba ya benki nayo isipitwe. Kijiji kilichojinyima miaka mingi kina haki ya kujua kama pesa zake zitatengeneza bomba lake kwanza au zitaingia kapu moja.

Na jamani, kikao kisiitishwe saa za kuchota. Wanaojua kilula kipi hukauka ni akina mama waliopanga ndoo, na mara nyingi ndio wanaokosekana. Mtendaji abandike tangazo mapema pamoja na mapato na matumizi ya kila chombo, na majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji kabla rasimu ya katiba ya chombo kipya haijasainiwa.