Bakteria kukaa juu ya plastiki si kuila

Kila bakteria mpya anapogunduliwa kwenye taka za plastiki majini, watu husema amepatikana mla plastiki. Sivyo. Plastiki ikielea, ndani ya siku chache tu hufunikwa na utando wenye utelezi, ule unaousikia ukipitisha kidole. Wengi waliomo wamepata pa kujishikiza tu. Chakula chao ni mabaki ya viumbe yaliyomo majini.

Ili kuthibitisha ulaji, kipande husuuzwa kwa maji yasiyo na vijidudu, bakteria hukwanguliwa, kisha hukuzwa mahali ambapo plastiki ndiyo chanzo pekee cha kaboni, yaani chakula pekee, sambamba na chupa nyingine isiyo na bakteria ya kulinganishia. Hapa ndipo wengi hukosea: plastiki ikipungua uzito, huenda kilicholiwa ni kemikali za kulainisha zilizochanganywa humo kiwandani. Kipimo cha kuaminika zaidi ni plastiki iliyotengenezwa kwa kaboni 13, aina ya kaboni iliyo nzito kidogo kuliko ile ya kawaida. Kaboni hiyo ikitokea kwenye hewa ukaa wanayotoa bakteria, basi imeliwa kweli.

Hata Ideonella sakaiensis, bakteria mla plastiki aliyetangazwa Japani mwaka 2016, hakutoka baharini. Alihitaji takriban wiki 6 kwenye nyuzijoto 30 kumaliza kipande chembamba cha PET laini (PET ni aina ya plastiki inayotengenezewa pia chupa za vinywaji). Ile ya chupa, ambayo molekuli zake zimejipanga kwa kubanana, humpa kazi kubwa zaidi.