Kutunukiwa baada ya kifo maana yake nini?

Mwaka juzi nilikuwa msibani Marangu, chini ya Mlima Kilimanjaro. Kaburi limechimbwa kihambani, pembeni ya migomba, na kijana wa familia akasimama kusoma wasifu wa marehemu. Alizaliwa, alibatizwa, akapata kipaimara, akaoa, ameacha watoto sita na wajukuu. Kazi ikapita kwa maneno matatu: “Alifanya kazi mlimani.” Mzee mmoja aliyekaa viti vya nyuma akaguna kwa sauti: “Mlimani tu? Huyu si ndiye aliyekuwa akiwafikisha wazungu kileleni Kibo!”

Mguno ule unaeleza dhana hii kuliko kamusi. Kutunukiwa baada ya kifo, kwa maana pana, ni marehemu kupewa nishani, tuzo, cheo au kumbukumbu. Ninayoizungumzia hapa ni aina moja yake: mtu alifanya jambo kubwa, akanyimwa sifa kwa sababu ya rangi, jinsia, dini au asili yake, kisha waliobaki wanarudi kuujaza mstari uliorukwa kwenye wasifu wake.

Watu huichanganya na kuenzi. Mwalimu Nyerere tunamuenzi kila Oktoba 14, na hakuna siku aliyosahaulika. Kumuenzi ni kuendeleza heshima aliyokuwa nayo. Aliyebaguliwa hakuwa nayo, au alikuwa nayo nyumbani kwake tu, kwa hiyo anayemtunuku leo analipa deni. Na deni lina mdaiwa. Ndiyo maana mimi hutazama kwanza mkono unaotoa. Wajukuu wakimjengea babu yao mnara, ni vizuri, lakini si wao waliomnyima.

Mfano uliokamilika ni wa jeshi la Marekani. Wanajeshi weusi zaidi ya milioni moja walitumikia katika Vita Kuu ya Pili, na hakuna hata mmoja aliyepewa Nishani ya Heshima, iliyo ya juu kuliko zote. Miaka ya 1990 jeshi lenyewe liliagiza uchunguzi wa sababu. Watafiti wakapekua kumbukumbu, wakakuta watu waliostahili, na Januari 13, 1997 Rais Clinton akatoa nishani saba. Sita zilipokelewa kwa niaba ya marehemu. Wa saba, Vernon Baker, alikuwa hai, ana miaka 77, akaipokea mwenyewe. Hapo mnyimaji ndiye aliyechunguza, akataja kosa, akatoa.

Gazeti la New York Times nalo lilifanya kitu kinachofanana na kilio chetu cha Marangu. Mwaka 2018 lilikiri kwamba tanzia zake tangu 1851 ziliwapendelea mno wanaume weupe, likaanza kuwaandikia waliorukwa. Miongoni mwa wa kwanza alikuwa Ida B. Wells, mwandishi mweusi aliyefichua mauaji ya watu weusi waliokuwa wakinyongwa bila kesi. Alifariki 1931. Alisubiri tanzia yake miaka 87!

Si kila aliyechelewa anaingia hapa. Mwanasayansi Rosalind Franklin, ambaye picha zake za eksirei zilisaidia kufahamu umbo la DNA, kemikali inayobeba urithi, alifariki 1958. Nobel ikaenda kwa wanaume watatu mwaka 1962. Wengi husema alinyang'anywa Nobel. Lakini tuzo hiyo kwa kawaida haitolewi kwa marehemu, kwa hiyo dhuluma yake itafutwe kwingine, katika namna wenzake walivyoitumia kazi yake bila yeye kujua.

Turudi mlimani. Wapanda milima wa Kizungu Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kibo Oktoba 6, 1889, wakakipa jina la Kaisari wa Ujerumani. Jina hilo liliondoka, pakawa Uhuru. Hata hivyo, anayepanda leo kwa njia ya Marangu bado anapita sehemu ziitwazo Gillman's na Stella kabla ya kufika Uhuru, na shimo la volkano ni la Reusch: wageni wote. Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu, ambaye wenyeji humtaja kuwa aliongoza msafara wa Meyer, alitambuliwa kwenye sherehe za miaka 100 tangu kilele hicho kifikiwe, mwaka 1989. Yeye alikuwa mzee sana, lakini hai, hivyo hakuhitaji dhana hii. Alibahatika.

Wasiobahatika ni wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, wale walioacha neno Kariakoo kutokana na jina la kikosi chao kwa Kiingereza, Carrier Corps. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, ambayo ina makaburi inayoyatunza hapa Moshi pia, iliundwa 1917 kwa ahadi kwamba wafu wote watakuwa sawa. Aprili 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Ikaomba radhi, ikataja ubaguzi kwa jina lake.

Mdaiwa kapatikana, basi, na kakiri. Tatizo ni daftari. Wapagazi wengi hawakuandikwa vizuri tangu walipochukuliwa vijijini, na nishani haiwezi kuchongwa jina ambalo hakuna aliyeliandika. Yule kijana wa Marangu alikuwa na unafuu: mzee wa viti vya nyuma alikuwepo. Baada ya mazishi nilimwona kijana akimfuata mzee, karatasi mkononi, akiomba kalamu.