Lori la sianidi likipinduka, usikimbilie maji

Siku ile ya zoezi tulimwaga kilo 50 za chumvi ya mawe kando ya barabara, karibu na njia panda ya Usagara, tukajifanya ni sianidi ya sodiamu iliyodondoka kwenye lori. Kijana mmoja wa kikosi, mwepesi kuliko wenzake wote, akavuta mpira wa maji. Nikapuliza filimbi. "Umeshatuua," nikamwambia. Akashangaa: "Sasa mwalimu, uchafu si unaoshwa?"

Hapo ndipo ninapopigia kelele kila ninaposimama mbele ya madereva na walinzi wa misafara. Sianidi inayokwenda kuchenjua dhahabu Geita na migodi jirani husafirishwa ikiwa ngumu: vidonge vyeupe, kila kimoja kama gramu 15, ndani ya mfuko mzito wa plastiki uliowekwa kwenye sanduku la mbao la tani moja. Lori lina kibao chenye namba 1689 na alama ya fuvu. Ikiwa kavu, ni mzigo wa kuzoa kwa koleo. Ikilowa inazaa mabaya mawili kwa mpigo: maji ya sumu yanayotafuta mteremko, na gesi.

Gesi hiyo watu wa kwetu wanaijua bila kuijua kwa jina. Muhogo mchungu unayo. Bibi anapouvundika na kuuanika mpaka ukawa udaga, anaiachia sumu itoroke hewani kidogo kidogo. Gesi yenyewe, sianidi hidrojeni, huchemka kwenye nyuzijoto 26 tu, na mchana wa Mwanza mara nyingi unazidi hapo. Kwenye muhogo ni kiasi kidogo, tena uani penye hewa. Kwenye lori tunazungumzia tani, na kidonge kimoja tu kina sumu ya kuua watu makumi.

Kinachoamua ni pH, yaani kipimo cha asidi ya maji: ikishuka, asidi imeongezeka. Ikiwa juu ya 10.5, sianidi inatulia ndani ya maji. Ikishuka chini ya 9, sehemu kubwa inageuka gesi. Maji ya mvua yana asidi kidogo. Kibaya zaidi ni tindikali ya betri. Ndiyo maana lori likilala ubavu, swali langu la kwanza ni betri: iko wapi, inavuja? Kuhusu ile harufu ya lozi chungu inayosimuliwa, usiitegemee. Wapo watu wengi ambao pua zao haziipati kabisa, wamezaliwa hivyo. Kipimo cha gesi ndiyo pua. Sehemu 50 za gesi kwa milioni za hewa zinahesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai, na king'ora chetu tunakiweka chini sana ya hapo.

Saa ya kwanza, basi, kazi kubwa ni turubai. Funika kilichomwagika, chimba mtaro wa kugeuza maji ya mvua upande wa juu, ziba mfereji wa barabara upande wa chini kwa udongo. Watu wakae mbali. Miongozo ya kimataifa inaanzia mita 25 kwa kitu kikavu. Mimi nikiona wingu la mvua limetanda naongeza bila kumuuliza mtu. Na msimame upande upepo unakotoka. Hapa penye ziwa kuna mtego: mchana upepo unavuma kutoka ziwani kuja nchi kavu, usiku unageuka. Kikosi kilichojipanga vizuri saa nane mchana kinaweza kujikuta kimekaa pabaya giza likiingia. Funga utepe kwenye fimbo, mtu mmoja kazi yake iwe kuutazama.

Moto ukiwaka, tumia poda kavu. Mtungi wa kaboni dayoksaidi uacheni garini, kwa sababu gesi yake ikikutana na unyevu inaifungulia mlango ile sianidi.

Mfano ninaourudia darasani ni wa Kirigizistani. Tarehe 20 Mei 1998 lori la kwenda mgodi wa Kumtor lilitumbukia mto Barskoon, na kilo 1,762 za sianidi zikaingia majini. Wanakijiji wa chini ya mto walichelewa kuambiwa, saa kadhaa zikapita. Halafu ikamwagwa klorini kutibu sumu. Klorini inavunja sianidi, ni kweli, lakini kwenye pH ya juu, ndani ya chombo au juu ya udongo mlioudhibiti. Ukiimwaga mtoni unaongeza sumu nyingine juu ya ile ya kwanza. Sianidi ikishaingia ziwani hakuna dawa ya kuifukuzia. Unachoweza ni kuwawahi wanaochota: wavuvi, wenye mabwawa ya sato, na mitambo kama ile ya Capri Point inayovuta maji ya jiji. Samaki hufa kwa viwango ambavyo mtu asingevihisi.

Majeruhi ana kanuni yake, na hapa maji yanaruhusiwa: mvue nguo, mwoshe mwili. Usimpulizie pumzi mdomo kwa mdomo, utaivuta sumu wewe. Mpe oksijeni, na hospitali iambiwe mapema kwamba ni sianidi, ili watayarishe dawa za kuizima sumu: haidroksikobalamini, au nitriti na thiosalfeti. Piga 114 kwa Zimamoto, na Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye ana ofisi ya kanda hapa Mwanza, apate taarifa siku hiyo hiyo.

Kuzoa kunakuja mwisho, na kunachosha. Koleo kavu, madumu yenye vifuniko, udongo wa juu unakwanguliwa na kupimwa. Kisha mizani: kilichozolewa kilinganishwe na hati ya mzigo, kilo kwa kilo.

Siku ile ya Usagara tulipima. Chumvi iliyorudi ilikuwa kilo 48 na kidogo. Yule kijana wa mpira wa maji akainama na ufagio, akatafuta kwenye majani mpaka jua likaanza kuzama. Nilimwona akinyanyuka ghafla na kunionyesha kwa kidole nyuma ya utepe wetu. Mbuzi wawili walikuwa wanalamba ardhi.